Pointi Sita za Uuguzi

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa nimeinamia belo la mashati ya watoto, kwenye meza yangu ya mitumba sokoni Songea mjini. Ulitoka shule ya bweni aliyokuwa anasoma binti yangu, shule ambayo sitaitaja kwa sababu wao wana mawakili na mimi nina mdomo tu. Uliandikwa kwa ubahili: mtihani wa moko, kidato cha sita, fizikia, kemia na biolojia, pointi 17, mzazi afike kikaoni Jumamosi. Hakuna la zaidi.

Mimi ni mtu wa mpira. Nauza nguo huku redio iko sikioni, na timu yangu ikifikisha pointi kumi na saba wakati wenzao wanahangaika na tano, siku hiyo wateja wangu wanapunguziwa bei bila kuomba. Sasa mwanangu ana kumi na saba! Nikamwonyesha jirani yangu wa meza ya viatu. Akasoma, akanipa mkono, akasema hongera mama, mtoto ana kichwa. Naye aliishia darasa la saba kama mimi. Enzi zetu alama zilikuwa juu ya hamsini au juu ya mia, na mwenye nyingi ndiye aliyefaulu. Hakuna mtu aliyekuja sokoni kututangazia kwamba kwa hawa wa madarasa makubwa mambo yamegeuzwa.

Nikampigia baba yangu. Anaishi Mbesa, kule Tunduru, analima korosho, na mjukuu huyu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika kidato cha sita. Nilipomwambia kumi na saba nikamsikia anawatangazia wenzake waliokuwa barazani. Kesho yake akachinja mbuzi. Akaita majirani, ikasomwa dua, watu wakala pilau na kumtakia binti yangu heri.

Furaha yote hiyo ilikuwa na sababu yake. Bibi yake, yaani mama yangu, alilazwa muda mrefu hospitali ya misheni pale Mbesa, na binti yangu ndiye aliyekaa naye wodini likizo nzima, akimgeuza, akimwogesha, akiwauliza manesi maswali mpaka wakamzoea. Aliporudi nyumbani Matogoro, hapa Songea, alikuwa na neno moja tu kinywani: uuguzi. Na siyo uuguzi wowote, alitaka shahada, chuo kikuu, kama sista mkuu wa wodi ile. Bibi yake alifariki. Neno lile halikumtoka. Kwa hiyo pointi kumi na saba kwangu hazikuwa namba tu. Nilimwona mwanangu na gauni jeupe.

Jumamosi mvua ikanichelewesha. Mwenye bodaboda aligoma kupanda utelezi, tukajibanza kwenye kibaraza cha duka mpaka ikakatika. Nilipoingia kwenye bwalo la shule, viatu vimejaa tope, kikao kilikuwa kimeshafika mbali.

Shule ile ina desturi yake, nayo wanajivunia. Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya wa taifa, yanasomwa kwa kipaza sauti mbele ya wazazi wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto anaitwa mbele, mzazi wake anasimama pale alipo, pointi zinatajwa, watu wanapiga makofi. Nilikuta wamefika kwa wale wa chini, na mimi sikujua kama ni wa chini. Nilijua tu kwamba makofi ni machache, nikasema moyoni wazazi wa hapa wana roho mbaya. Mwalimu wa taaluma akaita jina la binti yangu. Akaenda mbele. Nikasimama. "Pointi kumi na saba," akasema mwalimu.

Nikapiga kigelegele.

Nilikipiga kwa mapafu yote, kile cha harusi, cha kwetu Tunduru. Bwalo zima likageuka kunitazama, halafu likapasuka kwa kicheko. Mwalimu wa taaluma akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akatabasamu, akasema, "Mama, hii siyo ligi. Huku tunashangilia chache." Wakacheka upya. Binti yangu alikuwa amesimama pale mbele anaangalia viatu vyake.

Mzazi aliyekaa karibu nami ndiye aliyenifafanulia, kwa kunong'ona. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, unashuka hivyo hivyo, D, E na S, hadi F, ambayo ni saba. Masomo matatu yanajumlishwa. Mwenye chache ndiye bingwa. Wa kwanza wao alikuwa na tano. Wangu na kumi na saba zake alikuwa anakaribia mkia.

Niseme wazi, niliona aibu. Lakini aibu ilipita haraka, ikabaki hasira, na hasira ile ninayo mpaka leo. Yule mwalimu alijua fika kwamba nusu ya wazazi waliokuwa bwaloni hawaijui hesabu yake. Alikuwa na kipaza sauti mkononi na muda wote wa Jumamosi. Sentensi moja tu ingetosha: wazazi, hapa chache ndiyo nzuri. Hakuisema, kwa sababu angeisema asingepata wa kumcheka.

Baada ya kikao tuliitwa ofisini kwake wazazi wawili, wale ambao watoto wetu walikuwa wameandika kwamba wanataka uuguzi wa chuo kikuu. Mwenzangu alikuwa mzee mmoja wa Kingoni, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Peramiho, mpole, rozari shingoni, kofia ameishika kwa mikono miwili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa heshima kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Binti yake alikuwa na pointi kumi na mbili. Watoto wetu walisimama ukutani.

"Nitawaambia ukweli kwa faida yenu," mwalimu akaanza. "Shahada ya uuguzi wanataka pointi sita. Sita maana yake ni B tatu. Mzee, wako ana kumi na mbili. Mama, wako ana kumi na saba. Muda uliobaki ni mdogo. Wasaidieni watoto wachague vitu vya saizi yao."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Sawa, mwalimu. Ninyi ndio mnaojua." Akamtazama binti yake, binti akatazama dirishani, na mimi nikaona jambo linakufa pale, kimya kimya, bila mtu hata kuuliza swali.

Mimi mdomo wangu hauna breki. "Mimi nauliza," nikasema. "Wangu amekosa nini?"

"Amekosa pointi, mama."

"Hizo umeshazitaja kwa kipaza sauti. Nauliza amekosa nini kwenye karatasi."

Akaniambia karatasi za moko hazirudishwi. Zinasahihishwa shule nyingine, alama zinarudi, karatasi zinakaa stoo. Nikauliza kwa nini hazirudishwi. Akasema ndiyo utaratibu. Nikamwambia mteja wangu hata shati la mtoto mchanga analigeuza nje ndani, anatafuta tundu liko wapi, ndipo ajue kama linashoneka. Yeye ananiambia tu mtoto wangu ni mbovu na nisimguse. Nikaweka mkoba chini, nikavua kanga ya kichwani, nikaikunja, nikakaa. Mzee wa Kingoni akaaga taratibu, akaondoka na binti yake. Natamani ningemshika koti.

Nilikaa mpaka mwalimu akachoka kunitazama. Akamtuma mlinzi stoo, karatasi zikaja. Mimi Kiingereza cha kemia sikijui, siwezi kudanganya, lakini macho ninayo. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimejaa alama za vyema, nyekundu, zimepangana. Halafu ghafla peupe. Ukurasa mtupu, unaofuata mtupu, mpaka mwisho.

"Mwanangu, hapa mbona hujaandika kitu?"

Binti yangu akamtazama mwalimu kwanza, akaogopa, kisha akajibu. "Mama, hizo mada hatujafundishwa. Mwalimu wa kemia alihama, mwingine hajaja."

"Na wenzako waliandika nini?"

"Walisoma tuisheni mjini wakati wa likizo."

Likizo ile, bibi yake akiwa ameshafariki, binti yangu alikuwa Mbesa, anaokota korosho na babu yake, kwa sababu babu ni mtu mzima na mikono haitoshi. Nikageuka kwa mwalimu. Nikamwuliza moko yao inapima nini, akili ya mtoto au likizo yake. Akasema moko inatungwa kwa pamoja na shule nyingi, inafuata muhtasari wote, wao hawana la kufanya. Watu hawa wana dawa ya kila swali, ila dawa yenyewe haiponyi. Kwa hiyo shule inakosa mwalimu, mtoto anaandikiwa alama mbaya, mzazi anachekwa, na tundu halijulikani liko wapi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo nadhani hata wapishi jikoni waliisikia.

Karatasi ya fizikia nayo ilikuwa na lake. Swali la kwanza alilijibu kurasa nzima, kwa mwandiko wa kupendeza, na mengine akayagusa tu. Binti yangu akakiri kwamba alinasa pale, akaona aibu kuliacha, muda ukaisha. Biolojia ilikuwa nzuri kiasi. Tulizipitia zote palepale ofisini, mimi nauliza kwa Kiswahili cha sokoni, yeye anajibu, mwalimu anajifanya anaandika. Tulipotoka, binti yangu alikuwa analia, lakini akilia alikuwa anasema, "Kumbe vile nilivyofundishwa nilivipata."

Vizuri, nikasema, basi tufanye kazi. Yule msichana aliyesomwa wa kwanza, mwenye pointi tano, alikuwa anakaa naye bweni moja. Hao watoto wana roho safi kuliko walimu wao. Alianza kumfundisha zile mada za kemia jioni baada ya chakula, yeye na wengine waliokuwa wameziacha wazi, wakawa wanajaza darasa. Kwa fizikia akajifunza kuliacha swali linalomnasa na kulirudia mwishoni, na aliniambia hilo lilikuwa gumu kuliko kemia yenyewe. Jumapili za kutembelea wanafunzi nilikuwa nawapelekea karanga na maandazi, ndoo nzima. Sikuwasaidia lingine lolote. Masomo waliyafanya wao.

Ilibidi pia nimweleze baba yangu kuhusu yule mbuzi. Nilimpigia, nikamwamkia, nikazunguka zunguka, mwishowe nikamwambia kumi na saba ilikuwa mbaya. "Na dua tulishasoma," akasema. "Basi, dua haipotei. Mwenyezi Mungu anajua tulikusudia nini."

Matokeo ya taifa yalipotoka, binti yangu alikuwa nyumbani Matogoro. Tulifungua kwa simu yangu, tumekaa kwenye ngazi ya mlango. Biolojia C, kemia C, fizikia E. Pointi kumi na moja, divisheni ya pili. Kutoka kumi na saba! Nilimkumbatia mpaka akaniambia mama unaniumiza. Babu yake nilipompigia aliuliza kwa huzuni, "Zimepungua?" Nikamwambia zimepungua baba, alhamdulillahi. Akasema basi alhamdulillahi, ila alihitaji muda kidogo.

Lakini sita ilikuwa palepale. Tuliijua ile sita kama watu wanavyoujua mto uliojaa, upande wa pili unauona na huvuki. Binti yangu alijikaza. Akasema ataomba ualimu wa sayansi, si mbaya, atazoea. Hakuwa analia, na ningependa angelia. Alichukua simu yangu kuangalia vyuo vya ualimu kwenye mwongozo wa udahili, mimi nikaingia ndani kuchambua dagaa. Baadaye nikaona kimya kimezidi, nikatoka.

Alikuwa amekaa na simu usoni. "Mama," akasema, "hii sita siyo ile."

"Siyo ile ipi?"

"Chuoni wanahesabu kinyume. Soma hapa chini. A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Huku anayetakiwa ni mwenye nyingi." Akanionyesha kwa kidole. "Wanataka sita kwenda juu. Mimi nina tatu, na tatu, na moja."

Nikahesabu mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeshaumwa na namba mara moja. Saba. "Kwa hiyo umekosa kwa moja au umezidi kwa moja?"

"Nimezidi, mama. Na kila somo liko pale wanapotaka."

Mtu mwingine angepiga kigelegele. Mimi hasira ilinikalisha chini kwenye ngazi. Yule bwana! Yule aliyenicheka mbele ya bwalo zima kwa kusoma pointi kichwa chini, naye mwenyewe alikuwa anazisoma kichwa chini, na siyo kwa ujinga wa sokoni, bali kwa ujinga wenye meza, kiti na tai. Mimi nilipokosea, alikufa mbuzi. Yeye akikosea, wanakufa manesi. Na wangapi kabla yetu? Miaka mingapi amekaa kwenye kile kiti anawaambia watoto wachague vitu vya saizi yao, nao wanaitikia sawa mwalimu?

Nilimpigia palepale. Nikamweleza taratibu kabisa, mpaka binti yangu akashangaa upole ule umetoka wapi. Mwalimu akakohoa. "Hayo ni mambo ya vyuo, mama," akasema. "Sisi kazi yetu ni divisheni." Nikamwuliza kama ni mambo ya vyuo, yeye alikuwa anatushauri kwa ruhusa ya nani. Nikasema mwalimu, yaishe, mimi sikudai kitu, ila namba ya yule mzee wa Peramiho unayo. Mpigie leo. Mwambie hesabu siyo ile. Akasema atampigia. Nikamwambia aape. Akasema, "Mama, nimesema nitampigia."

Binti yangu akaomba uuguzi, akapata. Baba yangu nilipomwambia kwamba zimekuwa saba, na kwamba safari hii nyingi ndiyo nzuri, alivuta pumzi ndefu akauliza, "Sasa nifurahi au nisikitike? Niambie moja, nimeshazeeka." Nikamwambia afurahi, lakini asichinje kitu mpaka tumwone darasani. Binti yangu akaondoka na basi alfajiri, amebeba shuka za bibi yake kwenye begi.

Miezi ikapita, dirisha la maombi ya vyuo likawa limeshafungwa zamani. Msimu wa baridi wa kwetu Songea unapoanza, meza yangu inahamia kwenye masweta, na siku moja nikainua macho nikamwona yule mzee. Rozari ileile, kofia ileile. Alikuwa anatafuta sweta la kike. Nilimwamkia, akanikumbuka mara moja, akacheka kidogo. "Wewe ndiye uliyekaa ukagoma kutoka."

"Ndiye mimi."

"Na wako, alifika ile sita?"

"Alipata saba," nikasema, nimefurahi kumwona, ulimi ukatangulia.

Uso wake ukalegea. "Pole sana, mama," akasema. "Amekosa padogo kweli." Alisema kwa moyo wote, akashika mkono wangu kunifariji, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakupigiwa simu.

Nikamwuliza binti yake aliishia na ngapi. Akasema zilezile za moko, kumi na mbili, hazikupanda wala kushuka. Kemia C, biolojia D, fizikia E, alizikariri kama anasali. Hawakuomba uuguzi, kwa kuwa mwalimu alishawaeleza. Hawakuomba chochote. Binti alisema kama si hiyo basi, na yeye mzee hakutaka kumlazimisha. Sasa yuko nyumbani, anasaidia shamba, na sweta lilikuwa lake.

Nilihesabu kichwani kabla hajamaliza kusema. Tatu, mbili, moja. Nilitamani kumpigia kelele mtu, na mtu mwenyewe hakuwepo. Nikamwambia mzee aketi. Hakukuwa na kiti, akakaa juu ya belo ambalo sijalifungua, na mimi nikachuchumaa mbele yake, wateja wakavuta masweta bila kuulizwa bei. Nikamweleza yote: hesabu ya shule, hesabu ya chuo, kwamba moja inashuka na nyingine inapanda, kwamba matokeo ya binti yake hayajaoza, dirisha likifunguliwa tena mwaka huu aombe, na mimi mwenyewe nitakuja Peramiho kama kuna atakayemzuia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kofia gotini, akahesabu mwenyewe kwa vidole, tatu, mbili, moja, akapata sita, akarudia tena. Akauliza kwa sauti ileile ya upole aliyokuwa nayo ofisini.

"Kwa hiyo siku ile tumekaa pale kwa mwalimu, alikuwa nazo tayari?"

Nikamwambia alikuwa nazo.